Kaka Bobini na Kompyuta ya Karakana

Simu ya wifi yangu iliingia nikiwa napachika mifuko kwenye suruali za sare. Niliibana kwa bega sikioni, mikono ikabaki kwenye kitambaa.

"Wifi, umekaa?"

"Nimekaa. Niko kwenye mashine."

"Kaka yako ametutoka. Sasa hivi, hapa hospitali. Alikuwa anaongea na daktari, akanyamaza."

Mguu wangu ulibaki umekanyaga pedali. Mashine ikamaliza mfuko, ikapita mfuko, ikashona hewa, mpaka fundi wa mapazia alipoinuka kutoka meza ya pili akaizima swichi. Nikasema, "Mungu wangu."

Machozi nayaacha hapo. Nataka kumwandika kaka yangu alivyokuwa hai, maana alikuwa mtu wa kuchangamsha chumba kizima.

Mafundi walimwita Bobini, jina la kile kigurudumu cha uzi wa chini cha cherehani, kwa sababu alikuwa mfupi, wa mviringo, na muda wote anazunguka. Kazi yake ilikuwa kutengeneza cherehani. Karakana yetu ni chumba kirefu chenye mashine ukuta huu na ule, na hakuna hata moja ambayo hakuwahi kuifungua tumbo. Kilichomsumbua ni vitabu vya maelekezo. Kila mashine ilikuja na chake, na vingine alivipiga picha kwa mafundi wenzake, mpaka kompyuta yake ya mezani, ile yenye kasha lililopasuka, ikajaa kurasa. Akitaka ukurasa mmoja alitafuta mpaka chai yake ipoe.

Asubuhi moja aliingia hata salamu hakumaliza.

"Mdogo wangu, nimepata programu ya kutafuta. Naiweka kwenye kompyuta yangu mwenyewe. Itafanya kazi humu humu, hata bando likiisha."

"Inakaa wapi?"

"Kwenye kontena."

Fundi wa mapazia, ambaye hakosi neno, akageuka. "Kontena? Na pa kulishushia unapo, Bobini?"

Kaka alicheka kutuzidi. Kisha akakibeba kisanduku changu cha kushonea, akakifungua mbele ya watu. "Humu kuna uzi, sindano, mkasi, futi. Ukihama nacho unashona popote, huombi mtu kitu. Na programu ni hivyo hivyo. Inakuja na kila inachohitaji, vimefungwa pamoja, haigombani na vitu vingine vya kompyuta."

Tukaelewa. Ila kurasa zenyewe zilikuwa za Kiingereza na lugha nyingine tusizozijua, na sisi mashine ikisumbua tunailalamikia kwa Kiswahili. Hapo ndipo nilipoona jinsi Mungu alivyomjalia akili. Alipita mashine kwa mashine akiuliza, ikikusumbua unasemaje? Mmoja akasema yangu inaruka mishono. Mimi nikasema ovaloki yangu, ile mashine ya kufunga kingo, inatafuna kitambaa. Fundi wa mapazia akasema yake inakohoa. Kaka hakumsahihisha mtu. Aliandika kila lalamiko kama lilivyosemwa, akaliambatanisha na ukurasa unaolihusu.

Siku ya kujaribu tulimzunguka tukibanana. Simu zetu zilikuwa zimeunganishwa na kompyuta yake kwa mtandao wa mle ndani. Fundi wa mapazia akaandika kwenye yake, "inakohoa." Ukurasa ukatokea, na mchoro ukionyesha skrubu iliyo karibu na sindano. Akaikaza, akakanyaga pedali. Mashine ikateleza kama maji. Tulipiga makofi mpaka mteja aliyekuwa mlangoni akauliza kama kuna harusi.

Halafu akayapoteza yote. Alitaka kuweka toleo jipya la programu, akafuta kontena la zamani, kumbe maneno yetu yalikuwa yamehifadhiwa ndani yake, si kwenye folda ya kompyuta nje ya kontena. Alikaa juu ya meza ya kukatia akiikodolea macho skrini isiyo na kitu. Nilidhani ataacha.

"Nimetupa kisanduku na sindano zikiwemo," akasema.

"Pole, kaka."

"Pole ya nini? Niambie tena ovaloki yako inafanyaje."

Akaanza upya, folda ikiwa nje ya kontena, na safari hii watu walimfuata wenyewe. Wengine walibuni malalamiko ili tu waingie kwenye kompyuta.

Kisha moyo wake ukaanza kumsumbua. Alipolazwa mara ya kwanza, umeme wa karakana ulikatika, ukarudi. Tuliiwasha kompyuta, lakini programu ya kutafuta haikuamka. Kumbe kila asubuhi aliiamsha mwenyewe kwa mkono. Ovaloki ilikuwa imegoma na sare zinadaiwa. Nikampigia.

"Fungua lile dirisha jeusi la kuandikia amri," akanong'ona. "Andika docker, ndiyo inayoendesha kontena. D, O, C, K, E, R."

"Tayari."

"Acha nafasi."

"Nafasi ya nini?"

"Nafasi tu, mdogo wangu, ya kutenganisha maneno. Andika start. Acha nafasi tena. Andika mtafuta, ndilo jina nililolipa kontena."

"M kubwa?"

"Ndogo. Zote ndogo. Usiipambe."

Nikasikia sauti ya nesi. "Baba, hapa ni wodini, si ofisini. Naomba hiyo simu."

"Bonyeza enta," kaka akasema harakaharaka, na simu ikakatika.

Nikabonyeza, ikaamka. Nilirukaruka kama mtoto.

Yeye hakufurahi. Aliporudi nyumbani alinieleza akiwa amelala kwenye kochi. "Kama inanisubiri mimi, nimefanya kazi bure. Nataka iamke hata nikiwa sipo." Wifi yangu aliinuka akaenda jikoni. Sote tulijua anasema nini.

Alipopata nguvu alikuja karakana kwa mara ya mwisho. Akapanga kompyuta iwake yenyewe umeme ukirudi, na kontena liamke pamoja nayo. Akachomoa waya ukutani, akauchomeka. Vyote vikaamka. Tukashangilia. Yeye akatikisa kichwa.

"Huenda kuna kitu nilikigusa asubuhi nikasahau. Mimi nikiwa hapa hakuna tulichokipima."

Akarudishwa hospitali kabla hatujapata kipimo alichokitaka. Kila nilipokwenda kumtazama aliniuliza kama umeme umekatika. Ndiye mtu pekee niliyewahi kumsikia akiuombea umeme ukatike. Haukukatika.

Ulikatika siku moja kabla ya mazishi. Mafundi walikuwa wanamshonea shati jeupe la kuzikwa nalo, nami nilikuwa nimelifuata. Mashine zikanyamaza zote, shati likiwa bado halina kola. Tukakaa gizani na nyuzi shingoni. Umeme uliporudi, mmoja akanyoosha mkono kuelekea kompyuta.

"Asiiguse mtu," fundi wa mapazia akasema.

Hatukuigusa. Taa yake ikawaka. Tulisimama mbali nayo kama watu wanaosubiri mgonjwa afumbue macho. Fundi wa mapazia akatoa simu, akaandika, "inaruka mishono." Alama ya kusubiri ikazunguka kwenye simu, ikazunguka, kisha ukurasa ukafunguka, na maneno yetu yote yalikuwemo.

"Huyu mtu," akasema, "hata akifa haachi kazi."

Chumba kizima kikacheka, wengine wakilia. Nikamshukuru Mungu kwa sauti, wakaitikia amina, kisha wakapachika kola.

Tulimzika mchana wa siku iliyofuata, akiwa amevaa shati lile. Mchungaji alisoma na kuhubiri kwa ufupi, kwaya ikaimba. Jeneza lilishushwa na ndugu pamoja na mafundi. Wifi yangu alitupa udongo kwanza, kisha mimi. Nilipoinama nilimwambia kaka kwa sauti ya chini kwamba imeamka bila yeye. Kaburi likafukiwa, tukaweka maua, mchungaji akafunga kwa sala, tukaondoka.