Hodi ya Elfu Mbili na Ushei

Muhiddin, fundi wa kompyuta pale Mkunazini, ana adabu mpaka zinatia hasira. Hagusi mashine ya mteja bila kusema "niwie radhi". Kwa watu hubisha hodi mara tatu. Asipoitikiwa, huyo anajiondokea, hata kama vijiko anavisikia vinagonga ndani. Ndivyo alivyolelewa Mkokotoni na mama yake, Bi Riyama.

Na Bi Riyama naye kazidi. Miaka mitatu kaomba nafasi ya Hija, miaka mitatu jina halikutoka. Mwaka huu akasema, "Nshabisha tatu. Basi." Begi lake la safari akampa jirani. Jambo hilo lilimuuma sana Muhiddin, akamwandikisha kwa siri kwenye orodha ya akiba. Msafiri mmoja akijitoa, nafasi yake hutokea kwenye tovuti ya wasafirishaji wa mahujaji, na anayewahi kubonyeza ndiye anayeipata.

Jumatatu asubuhi akaipa kompyuta yake amri: kila nusu dakika katazame; ukiona nafasi, piga kengele. Akaenda kutengeneza printa, roho imemtulia.

Baada ya Adhuhuri, Badria, anayechapa barua za watu meza ya pili, akauliza, "Mbona hiyo mashine yako imesusa?"

Muhiddin akachungulia. "Imebisha tatu, haikujibiwa, imeondoka."

"Nani aliyeiambia iondoke?"

"Mimi."

Badria alicheka mpaka akashikilia mlango. Walipofungua tovuti kicheko kikakatika: nafasi moja ilitokea saa tano, na dakika mbili baadaye ilishachukuliwa.

"Adabu zako zitamkosesha mama yako Makka," Badria akamwambia. "Kompyuta haioni haya, Muhiddin. Iache ibishe."

Muhiddin akaifuta ile tatu aliyoiwekea mashine kuwa mwisho. Saa saba mchana ikaanza upya: ikabisha Alasiri, ikabisha watu wamelala, ikabisha Alfajiri. Kila Muhiddin akipita mbele yake aliwaomba radhi wenye tovuti, kwa sauti ndogo.

Jumanne saa tano asubuhi kengele ikalia. Muhiddin alirukia kibodi, kiatu kimoja kikabaki nyuma, akabonyeza. Jina la Riyama Kheir likatokea, limethibitishwa. Badria akapiga vigelegele mpaka wauza vitambaa wa jirani wakaja kuuliza nani anaolewa.

Muhiddin akapiga simu Mkokotoni huku anacheka peke yake. "Shikamoo mama. Umepata Hija, mwaka huu huu."

"Marahaba. Mimi nshaondoka mlangoni. Nani tena aliyebisha mara ya nne?"

Akatazama hesabu kwenye kioo cha kompyuta. "Si ya nne, mama. Ni ya elfu mbili mia sita na arubaini na tatu."

"Huna adabu, Muhiddin," Bi Riyama akasema, analia na kucheka kwa pamoja. "Ngoja niende kwa jirani anirejeshee begi langu. Na leo siondoki mpaka afungue."