Gari Lililopimwa kwa Pua

Mume wangu ni fundi wa kufunga mitungi ya gesi kwenye magari ya petroli. Mteja akija na wasiwasi, humweleza yote: gesi ni nafuu, injini haijai masizi, moshi hauchomi macho. Ubaya pia haufichi: mtungi unakula buti, gari linachoka mlimani, na foleni ya kujaza ndiyo usiseme. Lakini la kuvuja, wala halimtishi. Wenzake hupaka povu la sabuni kwenye kila kiungio cha bomba, waone kama gesi inatoka. Yeye huinama, hunusa, basi.

"Pua hii haijawahi kunidanganya, mama watoto." Nimemsema mpaka nimechoka.

Juzi mchana maharage yaliniungulia. Nikayamwaga, lakini nyumba nzima ikabaki inanuka. Mume wangu akaingia, mafua yamembana siku ya tatu, akavuta kiti.

"Chakula tayari?"

"Hee! Kwani husikii harufu?"

"Harufu gani?"

Tukatazamana. Asubuhi hiyo alikuwa amemaliza kufunga mtungi kwenye gari la kaka yangu, na kaka ndiye aliyempeleka mama kliniki kwa gari hilohilo.

"Ulipaka sabuni?"

Akajishika pua. Nikampigia kaka, simu inaita tu. Ningemrarua mume wangu pale pale, ila muda haukuwepo. Nikabeba sabuni na sponji, tukapanda pikipiki. Njia nzima nilikuwa nasubiri kusikia mlipuko. Honi ikilia, moyo paa!

Tukawakuta nje ya kliniki. Mama ameshakaa kiti cha nyuma, kaka anaingiza ufunguo.

"Usiwashe! Shukeni!" Nilipiga yowe, hata wagonjwa wakageuka.

Mume wangu akafungua buti, akapaka povu. Kiungio cha kwanza, kizima. Cha pili, kizima. Cha tatu, nyuma kabisa ya kiti alichokalia mama, povu likaanza kuvimba. Akafunga koki ya mtungi, kisha akakaa chini kwenye vumbi na suruali yake ya kazi.

"Mama, wewe hukusikia harufu?" niliuliza, machozi yananitoka.

"Kaka yako alikuwa mbele, upepo unampiga. Mimi niliisikia tangu tunatoka." Akashusha sauti. "Nikafungua kioo, nikanyamaza. Ningesemaje, mwanangu? Fundi ni mkwe wangu."