Babu Anataka Mbuzi

Alipokuwa hai, babu yangu alikula kidogo sana. Alipokufa ndipo alipopata hamu. Tulijua hivyo kwa sababu kila baada ya wiki chache alimtokea baba mdogo ndotoni na kuagiza: mara jogoo, mara mtungi wa mbege, pombe yetu ya ndizi, mara jogoo tena. Ilikuwa enzi za Mwingereza, na pale kwetu Machame tulikuwa Wakristo watupu, baba mdogo mwenyewe akiwa mzee wa kanisa. Lakini marehemu akiomba hakataliwi. Tulitoa, na kwa kuwa babu hakuwa na meno tena, nyama yake aliitafuna baba mdogo.

Nilicheka sana, mpaka babu alipoagiza mbuzi wangu.

Mbuzi yule nilimnunua kwa jasho la kuchuma kahawa za watu, naye alikuwa na mimba. Nililia mbele ya baba bila aibu. Baba akakuna kichwa.

“Nifanyeje, mwanangu? Kama marehemu ana neno jingine, na amwambie mtu mwingine kabla hatujachinja Ijumaa.”

Mtu huyo ilibidi niwe mimi. Shida ni kwamba nililala usingizi wa pono, na nikiamka sikukumbuka lolote. Nikamwendea bibi, mjane wa babu.

“Kuku mgeni hakosi kamba mguuni,” akasema. “Na ndoto vilevile. Ukiamka usigeuke, usifumbue macho, ifunge kwanza. Wala usiseme na mtu kabla hujanisimulia.”

“Na nitajuaje kwamba naota, bibi, nipate kumuuliza?”

“Kila ukifika kwenye mfongo, tia mkono, ujiulize kama uko macho. Maji ya mlimani ni baridi. Yakikosa baridi, jua unaota.”

Basi nikawa natia mkono katika kila mfongo, yaani kila mfereji unaopita migombani, na wanawake waliokuwa wakichota maji upande wa chini wakanitukana kwa kuyachafua. Asubuhi nililala nimekauka, macho yamefumbwa, mpaka mama akaniita kwa hofu. Kisha nilikimbia kwa bibi mdomo umefungwa, nikiwapita wazee bila shikamoo. Nilimpelekea ndoto ya boga moja na ndoto ya baiskeli ya mchungaji.

“Baiskeli haitamwokoa mbuzi,” bibi akasema.

Ijumaa alfajiri nilitia mkono kwenye mfongo, nikakuta maji ya vuguvugu. Naota! Nikainua macho. Babu alikuwa ameketi ukingoni, ananawa miguu. Akasogea kunipa nafasi. Nikaketi. Tukakaa hivyo, mimi na yeye, mpaka nikaamka.

Nilipomaliza kumsimulia bibi, baba mdogo alikuwa mlangoni na kisu chake. Mbuzi alikuwa amekwisha fungwa uani.

“Alisema nini juu ya mbuzi?” baba mdogo akauliza.

“Sikumuuliza,” nikasema, nikaangua kilio kwa ujinga wangu, na kwa furaha pia. “Nilifurahi kumwona, nikasahau.”

Nilingoja anicheke. Akaweka kisu chini.

“Alivaa nini?”

“Koti lake la kijivu.”

“Na ule mguu uliokuwa umevimba?”

“Umepona, baba mdogo.”

Akafuta uso kwa kiganja.

“Kamfungue mbuzi wako,” akasema. “Mimi namngoja tangu tumzike. Hajanijia hata mara moja.”