Kipande cha Kando ya Mto

Ambrose Pyke alikuwa na mke mwema, ng'ombe watatu wenye afya, na jirani aliyemkosesha raha. Jirani mwenyewe ni Barnaby Loder. Kila Juni, kabla ya kufyeka nyasi za kulishia mifugo wakati wa baridi, wanakijiji waligawana mbuga kwa kura. Kila mtu alitia kijiti chenye alama yake katika mfuko mmoja, na kasisi akavitoa kimoja kimoja. Miaka mitatu mfululizo Barnaby alipata kipande cha kando ya mto, ambako nyasi hufika kiunoni.

"Mbuga imenipenda, ndugu yangu. Nifanyeje?" Barnaby alicheka.

Imempenda! Ana nini cha kupendwa, na pua lile kama kitunguu? Mwaka wa nne Ambrose hakungoja kura. Mwezi wa Mei alibeba mawe kikapu baada ya kikapu, akayaficha ndani ya nyasi za kando ya mto. Fyekeo la Barnaby lingekiona cha moto.

Siku ya kura ikafika. Kasisi akatia mkono ndani ya mfuko wa vijiti.

"Kando ya mto ni alama ya unyayo wa bata. Ambrose Pyke!"

Watu wakashangilia. Barnaby ndiye aliyekuwa wa kwanza kumkumbatia, bila kinyongo hata chembe.

"Hongera, jirani! Fyekeo lako hilo limechoka. Chukua langu, nimelinoa leo asubuhi kwa ajili ya yeyote atakayepata pale."

Ambrose akayatazama makali yale yakimeremeta, akaanza kuhesabu kichwani vikapu vya mawe alivyobeba Mei.