Swichi ya Kiti na Wakwe wa Usinge

Mtacheka, najua, na siwazuii, maana hata mchungaji alipokuja kunipa pole alilazimika kugeukia ukutani kwanza. Lakini aibu hii naiandika mwenyewe, kwa mkono wangu huu wa darasa la nne, kabla watu wa Kwihara hawajaiongezea mkia na mapembe. Mimi, bibi wa wajukuu kumi na mmoja, ninayepishwa njia hata sokoni, nusura niue mkwe kwa sababu ya kupenda kusalimia watu.

Mashine yenyewe ni ya kukata majani, ila siyo ile ya kusukuma, hii unaikalia kama trekta dogo, ina usukani mbele na visu tumboni. Marehemu mume wangu alikuwa mlinzi wa mradi wa nyuki, mradi ulipofungwa wakamwachia mashine kama asante, na alipofariki wanangu wakasema iuzwe, nikawaambia atakayeiuza aniuze na mimi humo humo (babu zetu walibeba pembe za ndovu mabegani kwa njia hii hii ya Kwihara mpaka pwani, mimi nishindwe kuendesha kiti?). Nikajifunza. Kanisani nakata mimi, uwanja wa mpira wa shule nakata mimi, na uwanja wangu ulikuwa laini mpaka kuku wanateleza. Wakaniita Bibi Trekta, na msidhani nilikasirika.

Tatizo lilikuwa chini ya kiti. Kuna swichi pale. Ukikaa, uzito wako unaibonyeza na mashine inaunguruma. Ukinyanyua makalio tu, pap, imezima. Sasa mimi ni Mnyamwezi niliyelelewa nikaleleka, mkubwa akipita, au mkwe, siwezi kumsalimia nimekaa juu ya chuma kama chifu, lazima nishuke, nipige goti, niulize za nyumbani, za ng'ombe, za mvua. Na njia inapita mbele ya mlango wangu! Kila salamu mashine inazima, na betri yake ilikuwa imezeeka kunishinda, kuiwasha tena mpaka niazime ya jirani. Nakata mstari mmoja, nasalimia watu watatu, asubuhi imekwisha.

Nikamwita fundi Shabani kutoka Kanyenye, fundi wa pikipiki, mtu mzima mwenye adabu zake. Akachungulia chini ya kiti, akainuka anacheka.

"Bibi, mashine yako ni nzima."

"Nzima vipi, na nikisimama inazima?"

"Ndiyo uzima wenyewe huo. Ukianguka, visu visikufuate. Hiyo ndiyo akili yake."

"Akili gani ya kunikataza adabu? Ifunge hiyo swichi."

"Sifungi, bibi. Nina watoto mimi, nataka nilale." Halafu, masikini, akanionyesha kabisa ili nielewe. "Unaziona nyaya hizi mbili? Zikiunganishwa, mashine inadhani umekaa hata ukiwa kanisani unaimba. Usithubutu. Betri nitakutafutia nyingine."

Kumwambia mtu kama mimi asithubutu, kwa maelezo yaliyonyooka namna ile, ndilo kosa lake pekee katika habari hii. Vumbi la pikipiki yake halijatua, nimeshazichuna zile nyaya kwa meno machache niliyonayo, nimezisokota, nimefunga na kipande cha mpira wa baiskeli. Nikakaa, nikawasha, nikasimama. Inaunguruma! Nikajipigia kigelegele peke yangu.

Haraka yangu ilikuwa na sababu. Mjukuu wangu Neema, niliyemlea tangu mama yake alipotutoka, alikuwa amechumbiwa na kijana wa Usinge, na kesho yake ndugu wa kijana walikuwa wanakuja kujitambulisha, wao watutazame na sisi tuwatazame. Pamoja nao alikuwa anakuja Bibi Milembe, bibi wa yule kijana, ambaye akisema hapana ukoo mzima unafunga mdomo. Neema hakuwa amelala vizuri siku tatu. Akanishika mkono.

"Bibi, kesho usipande hiyo mashine. Nakuomba."

"Nani anapanda? Nitamalizia kamstari kamoja tu asubuhi."

Kamstari kamoja. Mungu anisamehe.

Walisema watafika saa sita. Saa nne na nusu niko juu ya mashine, gauni la shughuli limefunikwa na koti la marehemu, miguuni makobazi, na huo mstari mmoja ulikuwa umeshazaa mingine kumi na miwili, mara gari likasimama njiani na watu wakaanza kushuka. Wakwe! Watu wa Usinge wanawahi hivi kumbe?

Hapa nieleze polepole. Mashine ile ikiwa kwenye gia unakanyaga pedali inasimama, ukitoa mguu inaondoka. Miaka yote nilikuwa nakanyaga pedali, nanyanyuka, swichi inazima mashine, ndipo natoa mguu. Kuzima kwa ufunguo, kuweka gia huru, kuinua visu, hayo nilikuwa siyafanyi kabisa, kwa sababu swichi ilikuwa inanifanyia na mimi sijui, najiona dereva. Basi nikakanyaga, nikanyanyuka kwa madaha, nikatoa mguu nishuke.

Ikaondoka kama ng'ombe aliyekatiwa kamba! Mimi nikabwagwa chini, nikatua kwa magoti yote mawili, pu, mbele ya wakwe.

Wale wanawake wakadhani ni salamu. "Eee, mkwe huyu ana heshima!" mmoja akasema, nao wote wakapiga magoti, wakaanza, "Mwangaluka! Za hapa? Za watoto?" Na mimi, jamani, adabu ikanishika koo. Nikaitikia! Mashine inazurura nyuma yangu na visu vinazunguka, na mimi naitikia nzuri, mvua tunamshukuru Mungu, ng'ombe hawajambo, huku jicho moja limegeukia kule kama la kinyonga. Nikaiona inapita kwenye kamba ya nguo, ikavuta shuka langu la maua, ikalitafuna, ikatema vipande. Usukani nilikuwa nimeuacha umekunjwa, kwa hiyo ikawa inazunguka uwanja, tena inaelekea kwenye viti vya wageni.

Na kwenye viti alikuwa anaelekea Bibi Milembe. Yeye magoti yake hayakunjiki, kwa hiyo aliwaacha wenzake wakisalimiana akashika njia yake taratibu, na fimbo yake, na macho yaliyokwisha. Akasikia muungurumo, akasimama, akatabasamu. "Mmeniletea na usafiri," akasema.

Hapo ndipo sauti ikanitoka. "Mama, ondokaaa!" Nikainuka, nikakanyaga koti la marehemu, nikaanguka tena kifudifudi. Wanaume walikuwa bado wanashusha mizigo kwenye gari. Bibi Milembe akanyoosha fimbo mbele, kama mtu anayezuia mbwa.

Mlango wa nyumba ukapiga ukuta. Neema, ambaye kwa desturi alitakiwa kukaa ndani mpaka aitwe, asionwe hata kivuli, alitoka mbio miguu mitupu, nywele nusu zimesukwa nusu zimesimama, akairukia mashine kwa nyuma kama anadandia punda, akazungusha ufunguo. Kimya. Ncha ya fimbo ilikuwa imeshaingia kwenye visu. Ilibaki fupi kwa shubiri moja. Kutoka pale mpaka vidole vya miguu vya yule mama, hesabuni wenyewe.

Wanaume wakaacha mizigo, wakaja mbio. Kisha mshenga wao, mzee mrefu mwenye kofia, akauliza kwa upole uliokuwa unatisha, "Hii mashine imefanya nini?"

"Imefanya yenyewe," nikasema, nikiwa bado na majani mdomoni. "Kuna fundi wa Kanyenye aliichezea jana."

"Fundi gani? Anaitwa nani?" Mzee akatoa simu. "Mtu kama huyo haachwi, ataua watu. Nina mpwa wangu polisi pale mjini. Nitajie jina."

Neema akanitazama kutoka juu ya mashine. Na mimi nikamwona Shabani anavyonionyesha nyaya, na watoto wake. Kumbe kuna aibu kubwa kuliko kuanguka.

"Weka simu, baba," nikasema. "Fundi alikataa. Swichi inayozuia hayo nimeifunga mimi, kwa meno haya. Mashine ni yangu, na kosa ni langu."

Bibi Milembe akapapasa ncha ya fimbo yake, akainusa. "Imekula fimbo ya marehemu mume wangu," akasema. "Sasa nitembee nimeinama kama mchawi? Turudini. Mwenye mashine aniletee fimbo Usinge, aje mwenyewe, ndipo tutaongea habari za binti."

Wakaondoka. Wali na nyama tulivyoandaa vikaliwa na majirani, nao walikula vizuri mno. Neema alijifungia ndani, na nilipobisha akasema tu, "Bibi, si nilikuomba?" Neno hilo lilinichoma kuliko matusi.

Nikachongesha fimbo ya mninga, nikapanda basi, nikafika Usinge nimejaa vumbi mpaka kope. Nikapiga goti tangu kwenye ua, safari hii kwa hiari. Bibi Milembe akaipokea fimbo, akagonga chini mara mbili.

"Ndefu hii. Ulinipima ukiwa umelala kifudifudi nini?"

Nyumba nzima ikaangua kicheko, na mimi nikacheka huku machozi yananitoka. Akaninyanyua kwa mkono wake mkavu.

"Binti tulimtaka pale pale alipotoka ndani anakimbia," akasema. "Tulitaka kujua kama wewe utakuja au utatuma mtu."

Nyaya amezirudisha Shabani, na betri nyingine akaniwekea (nilimwomba radhi na kuku wawili, akanicheka mpaka kofia ikamdondoka). Sasa mkubwa akipita, nakanyaga, naweka gia huru, nainua visu, nazima kwa ufunguo, ndipo nashuka kusalimia, na asiye na subira apite zake, mimi sina ugomvi naye. Ila kitu chenye kisu, kikiwa changu, mdomo huu hautasema tena kwamba kimefanya chenyewe.