Karatasi ya Kodi Iliyovalishwa Nailoni

Fundi wa nguo hakuwa mtu wa kupoteza karatasi. Paa lake lilivuja juu ya sanduku la vyeti, kwa hiyo kila kilichoandikwa alikipeleka kupigwa laminesheni: vyeti vya kuzaliwa, kadi za kliniki, hata karatasi ya kodi ya duka, yenye namba ya mlipakodi. Majirani walimtania, "Shoga, na mumeo ungemvalisha nailoni, asingekutoka." Alicheka nao, maana ukinuna wanaongeza.

Siku hiyo, kwenye ofisi ya misaada ya chuo, karani aligonga muhuri juu ya ile karatasi. Wino ukateleza, ukamchafua kidole.

"Mama, hii sipokei. Muhuri lazima ushike kwenye karatasi yenyewe. Itoe nailoni uilete kesho, na kesho ndiyo mwisho. Bila uthibitisho wa kodi ya familia, nafasi ya binti yako inakwenda kwa mwingine."

"Kesho utaiona, mwanangu."

Binti, aliyekuwa kando yake, akaichukua karatasi, wakarudi.

Dukani fundi akawasha pasi. Moto ndio ulioibandika, akajisemea, moto ndio utakaoibandua. Mbona gundi ya kola huachia hivyo hivyo? Akatandika kitambaa, akapitisha pasi polepole, akashika pembe, akavuta. Nailoni ikaja. Maandishi nayo yakaja.

"Mama!"

"Nimeona."

Nakala nyingine hutolewa na ofisi ya kodi, kwa mwenye namba mwenyewe, kitambulisho mkononi. Na namba ilikuwa ya mume. Mwaka wa kufungua duka fundi alikuwa na sare za shule za kumaliza, hakutaka kuacha mashine, akamtuma mume kupanga foleni. Mashine yake, wateja wake, jasho lake. Duka likaandikwa la bwana.

Tangu bwana huyo aondoke na ngumi zake, nyumba ilikuwa imetulia. Mdogo wake binti, kitinda mimba, alikuwa ameacha kukojoa kitandani. Fundi aliapa hatampigia simu hata nyumba iungue.

Akapiga.

"Kumbe namba yangu unayo," mume akasema.

Fundi akaeleza. Akabembeleza, yeye asiyejua kubembeleza.

"Alfajiri nitakuwa hapo. Ila mimi si wa kutumwa nikarudishwa. Nikija, nimekuja."

Binti aliyasikia yote. "Mama, kata. Nitashona na wewe. Chuo si lazima."

"Nani kakuuliza?" Fundi alikuwa ameiziba simu kwa kiganja. Akairudisha sikioni.

"Usisahau kitambulisho," akasema.

Kisha akazima pasi, akatoka kukaa kizingitini. Mdogo alikuwa karibu kurudi kutoka shule, na alitaka asikie kwake kwanza kwamba baba anarudi.