Wawira Wawili

Nikisikia harufu ya ugoro, hata leo hapa Nchiru ninakowauzia wanafunzi wa chuo kalamu na madaftari, mguu wangu wa kulia huanza kucheza wenyewe. Mwili mzima hutaka kuinuka na kutoka nje, kama ulivyotaka siku ile Gachoka, nikiwa na miaka kumi, nimekalishwa kwenye kigoda mbele ya sanduku la bati la nyanya yetu, Cucu Marigu.

Nikueleze kwanza kilichotupeleka. Baba yangu hakuwahi kuijua sura ya mama yake. Mama huyo alifariki mwanawe akiwa bado ananyonya, na baba akalelewa Embu, upande wa baba yake, ambako hapakubaki hata picha moja ya marehemu. Alipokua alipata kazi katika kiwanda cha kahawa Githongo, akaoa hukohuko, na nilipozaliwa mimi, binti wa kwanza, nikapewa jina la mama yake, Wawira, kama desturi yetu inavyotaka. Basi jina alikuwa nalo nyumbani, analiita asubuhi na jioni, lakini sura hakuwa nayo. Ndipo akapata habari kwamba Cucu Marigu, dada mkubwa wa mama yake, alikuwa na picha. Baba hakungoja hata kahawa imalize kuchumwa.

Tulipofika Gachoka, kwao mama yake, wajomba walimdaka uani. Mpwa amekuja, mbuzi atachinjwa, na mpwa atakaa nao motoni hadi nyama iive. Kuinuka mapema kungekuwa matusi. Baba aliutazama mlango wa Cucu kwa unyonge, akanipa kalamu.

"Wewe ndiye unasoma. Sikiliza Cucu vizuri, na kila picha uandike jina huko nyuma. Umesikia?"

Nilisikia. Shida yangu ilikuwa mto. Sisi wa Githongo tumezoea mito ya baridi inayopiga kelele mwaka mzima, na binamu zangu walikuwa wameninong'oneza kwamba mto wa kwao ni mchanga mtupu, ila ukichimba kwa mikono mpaka kwenye kiwiko, maji yanakuja yenyewe. Walikuwa nje wakiningoja, wakipiga miluzi. Joto la mabati lilinichoma utosini. Na Cucu hakuwa na haraka yoyote duniani. Alitoa picha ya kwanza, akaipangusa kwa pindo la leso, akavuta ugoro, akapiga chafya mara tatu, akamshukuru Mungu kwa kila chafya, kisha akaanza kusimulia kuanzia kwa watu waliokufa kabla hata yeye hajazaliwa.

"Huyu ni Wawira," alisema kwa Kiswahili chake cha soko. Akatoa ya pili. "Na huyu pia ni Wawira. Ni watoto wa ndugu, wote walichukua jina ya cucu mmoja."

Nikaandika Wawira. Nikaandika tena Wawira. Yeye akaendelea, kidole chake kikihama kutoka picha hii hadi ile.

"Cucu, nimeandika. Naweza kuenda?"

"Unaenda wapi na hiyo haraka, na mto haina maji?"

Akacheka mpaka akafuta machozi, kisha akasimulia saa nzima zaidi. Niliyoyashika ni vipande tu. Mmoja wao alicheka kanisani hadi akatolewa nje. Mmoja aliogopa kuku maisha yake yote. Mmoja alikataa wachumba wawili. Aliponiachilia nilitoka mbio bila hata kuaga. Na maji ya mchangani yalikuwa matamu, sitakudanganya.

Kesho yake asubuhi, tukiwa tumerudi Githongo, baba alizitandaza mezani zile picha tulizopewa na Cucu tukiondoka gizani. Wasichana wawili, kila mmoja peke yake mbele ya pazia lilelile la studio, wote wamejifunga vitambaa vichwani, wote wana paji la uso la baba. Akazigeuza. Wawira. Wawira.

"Ni yupi?" akauliza, kwa sauti ndogo ambayo sikuwa nimewahi kuisikia kwake.

Ningesema sijui. Cucu alikuwa hai, na Gachoka haikuwa imehama. Lakini niliogopa, nikanyoosha kidole kwa aliyekuwa karibu nami. Picha ile ikatiwa fremu, ikatundikwa sebuleni, na kila Jumapili kabla ya kanisa baba alisimama mbele yake, kofia mkononi, midomo ikisogea. Kila Jumapili nilipanga kumwambia. Kabla ya likizo iliyofuata Cucu Marigu akafa.

Nilimwambia mwaka jana, nikiwa mama wa mtoto. Tulikuwa tunapukuchua maharagwe uani. Nilisema yote kwa pumzi moja, nikaanza kuomba msamaha. Baba alikuwa ameacha kupukuchua.

"Huyo mwingine ako wapi?"

"Kwa sanduku yangu, baba."

"Miaka hiyo yote kwa giza," akasema. "Na kama ndiye? Mlete."

Sasa wametundikwa pamoja. Baba husimama katikati yao, akamsalimu huyu, akamsalimu yule, na mimi hutoka nje kwa sababu siwezi kutazama. Utotoni niliamini jina ndilo jibu, na hadithi ni kuchelewesha watu. Kumbe kwetu jina ni la wengi, linarithiwa na kurithiwa tena. Hadithi ndiyo ya mmoja: aliyeogopa kuku alikuwa mmoja tu, na labda huyo ndiye niliyetumwa kumleta nyumbani.

Juzi binti yangu, ambaye naye hawezi kukaa kitini dakika mbili, aliniuliza mama wa babu ni yupi kati ya wale wawili. Nilimwambia ukweli. Aliyejua aliniambia, nami nilikuwa nikitazama mlango.